Abiria wa Sebuleni

Meza ya cherehani ya Mama Chiriku ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kwa miaka minane kila kifungo kilichomponyoka kilibiringika kuelekea ukutani. Hakuhangaika hata kutazama. Alipeleka mkono ukutani, akakiokota, akaendelea na kazi. Jumatatu ile mchana alipeleka mkono akakuta ukuta mtupu. Alipogeuza shingo akakiona kifungo kikipanda. Kilipanda meza taratibu, kama mtu mzima anayepanda ngazi na mizigo, kikafika ukingo wa juu, kikadondoka sakafuni.

"Baba Chiriku, umeugusa mguu wa meza yangu?"

"Nina muda wa meza yako mimi?" mumewe alijibu kutoka juu ya stuli. Kichwa chake hakikuonekana. Kilikuwa ndani ya tumbo la meli.

Ilikuwa meli ya hewa. Si ndege: ni puto refu lililochongoka mbele na nyuma, la enzi ambazo watu walisafirishwa angani wakiwa wamekaa mezani, wanakunywa chai na kutazama mawingu. Jumba la makumbusho lilikuwa limemwagiza mumewe, ambaye watu walimwita Fundi, alitengenezee mfano wake, mdogo kwa kipimo lakini usiokosa kitu, na likampa picha tatu za zamani pamoja na mchoro uliofifia. Kwa miezi mitano alichonga mbao nyepesi, akazipinda kwa mvuke wa birika, akazifunga kwa uzi. Ngozi ya nje ilikuwa kazi ya mkewe: pande thelathini na mbili za hariri nyeupe, zilizoungwa kwa mshono mwembamba ambao ukiutafuta kwa macho huuoni. Sasa meli ilining'inia darini katikati ya sebule, ndefu kuliko kitanda chao, na chini ya tumbo lake kulikuwa na ukumbi wa abiria wenye madirisha, meza na viti ishirini na vinne. Kila kiti kilikuwa kidogo kama punje ya karanga, na vyote vilitazama mezani.

Fundi alijivunia zaidi mlango wa ukumbi ule. Ulikuwa mdogo kama kiberiti, na ulifunguka kweli.

"Nani ataingia humo? Mende?" Mama Chiriku alimuuliza siku alipouona.

"Mlango usiofunguka si mlango, ni picha ya mlango."

Pamoja na ufundi wote huo, Fundi alisahau jambo moja. Alipima meli, akapima mlango wa makumbusho, akapima hata gari la kuibebea. Mlango wa kwake mwenyewe hakuupima. Jumapili, gundi ya mwisho ilipokauka, ndipo alipotambua kwamba meli haiwezi kukata kona ya korido hata uibebe kwa namna gani, na kushuka nayo kutoka ghorofa ya tatu ndiyo usiseme. Mama Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu.

"Basi itabidi tuhame sisi," alisema, "yenyewe ibaki."

Mchana mlango wa nyumba uliachwa wazi kidogo kwa ajili ya wateja. Mama Chiriku alikuwa na tabia moja ya mafundi cherehani: pini zimebanwa midomoni, macho yako kwenye mshono, na mtu akipiga hodi anajibiwa bila kichwa kuinuliwa. "Karibu, pita." Kwa siku angeweza kulisema neno hilo mara thelathini na asikumbuke hata moja.

Mtu mmoja tu hakuwahi kupiga hodi pale, naye ni mama mzazi wa Fundi. Bibi yule alikuwa mkunga mstaafu, na watu waliopandwa na majini walipelekwa kwake pia. Alisema kazi ni ileile, kumtoa mtu aliyemo ndani. Alikuwa akisukuma mlango na kuingia huku ameshaanza kulalamika. Mama Chiriku alipomwomba kwa adabu apige hodi kwanza, alijibiwa, "Mwenye nyumba hii alitoka tumboni mwangu bila hodi. Mimi nimpigie ya nini?" Walinuniana miezi miwili.

Sasa, kitambo kidogo kabla ya kifungo kupanda meza, kulikuwa na hodi. Sauti ya chini, yenye adabu, ya mtu aliyesubiri kwa muda mrefu. Mama Chiriku alijibu karibu kama kawaida yake. Hakuingia mtu. Alisikia kiti kikivutwa, lakini kiti cha wateja kilikuwa palepale pembeni yake na fulana za shule juu yake.

Siku ile hodi zilikuwa nyingi kuliko wateja.

Jumanne mlango wa nyumba ulianza kugoma. Asubuhi Fundi aliusukuma kwa bega, akasema mbao zimevimba kwa unyevu. Mchana harufu ya gundi ilikwisha sebuleni, ikaja nyingine, ya chuma kilichonyeshewa. Kamba za meli zililia kidogo, kii, kii, na hapakuwa na upepo. Mama Chiriku alijisemea ni uchovu. Alikuwa na sare arobaini za kumaliza, na mtu mwenye sare arobaini hana nafasi ya kuogopa kamba.

Jumatano alimwona mwanawe amesimama chini ya meli, shingo nyuma, mdomo wazi.

Chiriku alikuwa na miaka sita, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na ndoo. Ghafla mama yake akatambua kwamba tangu juzi hajamsikia.

"Unatazama nini?"

"Wageni wako," mtoto alisema kwa sauti ndogo. "Unawaambia karibu halafu huwapi viti. Ndiyo maana wanakwenda kukaa kule juu."

Mama Chiriku alizitema pini kiganjani. Alipanda stuli akachungulia kwenye vidirisha. Vile viti ambavyo mumewe alivibandika kwa gundi, kimoja kimoja, kwa koleo, vyote vikitazama mezani, sasa havikutazama mezani. Vimegeuka kuelekea madirishani. Alivihesabu kama anavyohesabu vifungo, mara mbili, ya pili kwa kurudi nyuma. Ishirini na viwili vimegeuka. Viwili vilikuwa bado.

"Baba Chiriku," aliita polepole. "Wewe umevigeuza viti?"

Fundi alipanda, akatazama, akashuka. Alikuwa amepauka midomo. "Vile havigeuki," alisema. "Ukivigeuza vinavunjika."

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

"Karibu, pi—" Neno lilikuwa limeshatoka. Mama Chiriku alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, lakini ni kama kufunika sufuria baada ya maziwa kumwagika. Kule juu kitu kilisema *tk*. Hakuhitaji kuchungulia.

"Bado mmoja," Chiriku alisema, na uso wake haukuwa na furaha wala woga. "Huyo wa mwisho ndiye atakayenipakata. Akikaa tu, tunaondoka."

 Fundi alimshika mtoto mkono, akaenda mlangoni, akausukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa mguu, mpaka ukafunguka kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Alitangulia yeye ili amvute mtoto. Alipokuwa nje na mkono wa Chiriku bado uko ndani ya mkono wake, mlango ulijifunga. Mama Chiriku aliwahi kumvuta mtoto kiunoni, na mlango ukakosa vidole vyake kwa upana wa uzi.

"Namfuata mama!" sauti ya Fundi ilisikika nje, ndogo, kama ya mtu aliye mtaa wa tatu. "Msimjibu mtu!"

Halafu kimya. Ngazi za jengo lile zilikuwa za chuma, na hata paka akishuka utamsikia. Hawakusikia hatua hata moja.

Simu haikuwa na mtandao. Dirishani hapakuwa na mtaa. Palikuwa na weupe mtupu, mzito, unaotembea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na Mama Chiriku alipoona kwamba unaotembea si weupe ule bali ni nyumba, alifunga pazia. Aliketi chini kwenye kona ya cherehani, akampakata mwanawe yeye, akambana kwa mikono yote miwili. Kama ni kupakatwa, alijisemea, basi ana mtu wa kumpakata.

Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, na kadiri mchana ulivyoendelea ndivyo sakafu ilivyozidi kuinama, kwanza kidogo, kiasi cha vifungo kujikusanya upande mmoja, kisha kiasi cha pasi kuteleza juu ya meza na kuanguka, na juu ya vichwa vyao, ndani ya ukumbi ambao haukuzidi ukubwa wa sanduku la viatu, vijiko vilikoroga chai, watu walikohoa, wakanong'onezana, mmoja akacheka kicheko cha mtu aliyeambiwa jambo la siri, na kila baada ya kitambo wote walinyamaza kwa pamoja, kama wanavyonyamaza abiria wanapohisi chombo kinataka kuondoka na mwenzao mmoja hajafika.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Fundi.

"Mama Chiriku, ni mimi. Hodi."

Mtoto alitaka kuinuka. Mama yake alimbana zaidi.

"Nimefika mke wangu. Nimekimbia, nimechoka. Niambie niingie basi."

Machozi yalimshuka Mama Chiriku bila kutoa sauti. Ilikuwa sauti yake kabisa, hata ule mkwaruzo wa vumbi la msasa kooni ulikuwamo. Neno lilimjaa mdomoni. Miaka minane ulimi wake ulikuwa umefundishwa jibu moja tu, na jibu lenyewe lilikuwa linasukuma meno kutoka ndani.

"Nimekuja na mama," ilisema sauti. "Mama, sema naye."

"Hodi, mwanangu," ilisema sauti nyingine, ya bibi mzee, tamu kama asali. "Hodi hapa. Tunaweza kuingia?"

Hapo Mama Chiriku akapata nguvu. Karibu acheke. Alipapasa chini ya cherehani, akaokota pini, akazibana midomoni, saba, nane, kadiri zilivyoenea, na kiganja chake akakibandika kwenye mdomo wa mtoto. Mama mkwe wake angekufa kabla ya kupiga hodi pale.

Sauti ziliendelea. Zikaomba, zikalia, zikapiga hodi kwa sauti za wateja wake wote, mmoja baada ya mwingine. Pini zilimchoma mpaka akaonja damu. Hakuzitoa.

Kisha mlango ukasukumwa, ukafunguka mpaka ukagonga ukuta.

"Hivi nyumba hii ina watu au ina mizimu?" alisema mama mzazi wa Fundi, akiingia na kapu lake kwapani. "Madirisha yamefungwa mchana kweupe. Na hii harufu je? Mmeanika nini humu?"

Mlango uliomgomea mwanaume wa miaka arobaini ulikuwa umefunguka kwa kiganja cha bibi ambaye hakuwahi kuuomba ruhusa. Nyuma yake alikuwepo Fundi, na alipotaka kuingia mlango ukaanza kumrudia. "Wewe simama hapohapo," mama yake alimwambia. "Uzuie kwa mgongo. Ukijifunga tumekwisha."

Aliitazama meli. Zile sauti za vijiko zilikatika.

"Umewakaribisha wangapi?" alinong'ona.

Mama Chiriku alitoa pini moja moja. "Ishirini na watatu, mama."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu."

Bibi alishusha kapu. "Wangevunja mlango ningewatimua. Lakini hawa ni wageni wako, umewaita mwenyewe, siwezi kuwafukuza. Itabidi uwasindikize."

"Nawasindikizaje?"

"Abiria akifika si anateremka? Waambie wamefika. Na uwafungulie, wasibanane kwenye hako kamlango ka mwanangu."

Mama Chiriku alichukua wembe wa kufumulia. Alipanda stuli huku sakafu inamyumbisha, akatafuta kwa kidole mshono ambao macho hayaoni, mshono wake mwenyewe, kazi ya wiki sita, akauchana kutoka mbele mpaka nyuma. Hariri ilitoa pumzi ya baridi. Ndani hapakuwa na mbao wala nyuzi. Palikuwa na giza refu kuliko meli.

"Mmefika," alisema. Sauti ilikauka.

"Sema kama mwenye nyumba," bibi alimwambia.

"Mmefika. Teremkeni."

 Halafu kitu kilipita karibu na sikio lake, na sauti ya chini, yenye adabu, ikasema, "Tunaaga."

"Haya. Mwende salama."

Baridi ilimpita shavuni ikaelekea mlangoni, na shati la Fundi likapepea. Bibi alitoa kopo kapuni, akatumbukiza kifungo kimoja kuhesabu aliyetoka. *Ti.* Wakaendelea hivyo, mmoja mmoja. Tunaaga, haya, *ti*. Wengine walipita kwa haraka kama watu wanaokimbilia usafiri mwingine, wengine walisita. Wa kumi na tisa alisimama mbele ya Chiriku, na nywele za mtoto zikainuka kama zinazopapaswa, mpaka bibi akakohoa kwa ukali. Sakafu ilikuwa inarudi mahali pake. Dirishani, nyuma ya pazia, honi ililia mtaani.

Kisha kukawa kimya, na meli ikakatika darini, ikaanguka na kuvunjika vipande vipande, mbao huku, viti kule, hariri juu yake kama shuka.

Bibi alimwaga kopo mezani akahesabu. "Ishirini na viwili."

"Walikuwa ishirini na watatu, mama."

"Labda ulikosea kuhesabu."

Mama Chiriku alivihesabu tena. Alikuwa ameshona maisha yake yote na hakuwahi kukosea idadi ya vifungo.

Meli ilitoka nyumbani siku ileile bila shida yoyote ya kona, ndani ya mifuko minne. Fundi aliwaambia watu wa makumbusho kwamba kamba ilikatika, jambo ambalo lilikuwa kweli. Na wao walihama, kama Mama Chiriku alivyotania Jumapili ile, wakapata vyumba viwili vya chini, mlango ukitazama barabara. Mlangoni Mama Chiriku alibandika karatasi: USIPIGE HODI, GONGA. Wateja walimcheka, wakagonga. Alinunua meza nyingine yenye miguu sawa. Maneno yalimrudia Chiriku polepole, kwanza na ndoo, kisha na watu.

Wiki ya tatu, mchana, Fundi akiwa kazini na mama anashona, mlangoni kukawa na sauti.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake.

Mguu wa Mama Chiriku ulisimama juu ya kanyagio. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni na mabaki ya vitambaa, akainua uso wenye furaha. "Bi—" Kabla hajamaliza, kiganja chenye harufu ya mafuta ya cherehani kilikuwa kimeshamziba mdomo.

"Hodi," ilisema sauti mara ya pili. Baada ya kitambo, mara ya tatu. Kisha hatua zikaondoka, za haraka, za mtu ambaye umri wake haukuruhusu haraka ile.

Walikaa hivyohivyo sakafuni mpaka simu ilipolia.

"Uko ndani?" Bibi alikuwa anahema.

"Nipo, mama. Kuna sauti imekuja hapa kama yako, imepiga hodi, lakini safari hii sikudanganyika."

"Nilikuwa mimi."

Mama Chiriku aliutazama mlango.

"Nimepiga makusudi," bibi aliendelea. "Yule mmoja alininyima usingizi. Nilitaka kujua kama alibaki kule au mlihama naye. Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Wewe umenijibu?"

"Sikujibu."

"Na mtoto?"

"Nimemziba mdomo. Bado nimemziba."



"Basi mchukue mtoke humo sasa hivi," bibi alisema. "Maana nimejibiwa. Mara zote tatu. 'Karibu, pita.' Vilevile unavyosema wewe, kama mtu mwenye pini mdomoni."

Simu ikakatika. Mama Chiriku alitazama, mtandao haukuwepo. Alisimama, akamnyanyua mtoto, na alipopita karibu na meza, ile yenye miguu sawa, kifungo kilianza kutembea. Kilitangulia mbele yake, kikashuka, kikabiringika mpaka mlangoni, kikatulia. Alishika kitasa. Kilikuwa baridi kama chuma kilichonyeshewa, na nje, ambako sekunde chache nyuma kulikuwa na barabara, hapakuwa na sauti ya kitu chochote.

Aliondoa kiganja mdomoni mwa mtoto polepole.

"Mama," Chiriku alinong'ona, "yule mgeni anasema kiti changu bado kipo."